Treni ya mulimani na nafasi ya Mama Neema

Kuna wenye wataniambia nilikuwa nasinzia. Mutu anasinzia namna gani, na beseni ya samaki juu ya kichwa, akipanda mulima? Sikiliza tu. Hii mambo ilinipata mimi mwenyewe, asubui, jua limekwisha kutoka, na sikuwa peke yangu.

Mimi ni muchuuzi hapa Bunia, wazazi wangu walitoka Butembo. Wakati ule nilikuwa nanunua samaki makavu ya Tchomia na kuyapeleka kwa wachimba zahabu kule milimani, pamoja na rafiki yangu Mama Neema. Tulikuwa kama dada. Bwana yake, Baba Neema, alikuwa muchimbaji, na shimo lilimwangukia. Wenzake walichimba, walichimba, wakachoka. Mwili haukutoka. Mama Neema alifanya kilio bila kaburi, na kutoka pale hakutaja tena jina ya bwana yake.

Ile asubui mvua ilikuwa imeharibu barabara. Motari mwenye kutubeba na pikipiki alitushusha chini ya mulima, akasema haendi tena. Basi tukashika njia ya reli. Wewe hujui ile reli? Zamani kulikuwa treni ndogo, nyembamba, ilikuwa inazunguka milima na kubeba mawe na wafanyakazi. Wazee wanasema kuipanda ilikuwa raha: huku ng'ombe kwenye majani, huku bonde na mikalitusi, na siku ya mwangaza unaona mpaka maji ya ziwa. Lakini vyuma viling'olewa zamani sana. Leo iko njia ya miguu tu, na majani katikati.

Ukungu ukashuka. Tukasikia filimbi.

"Ni nini hiyo?" Mama Neema akauliza.

Nikamujibu labda ni masini ya kusaga mawe. Halafu udongo ukaanza kutetemeka chini ya miguu yetu. Ulishaogopa mbele hata ya kujua unaogopa nini?

Treni ikatoka ndani ya ukungu, polepole kama mutu anayetembea. Haikuwa na moshi, haikuwa na harufu. Watu walikaa kwenye viti vya mbao, wanaume na wanawake, wote wanatazama milima, wapole, kama watu wenye hawana haraka ya kufika. Hakuna aliyetuangalia, ila moja.

Baba Neema. Nisadiki. Ule bwana alikula kwangu mara nyingi, singemusahau. Alivaa shati safi, na mikono yake haikuwa na tope hata kidogo. Kando yake nafasi ilikuwa wazi.

"Mama Neema," akasema, na sauti yake ileile, "panda. Nilikuwekea nafasi."

Treni ilikuwa imesimama. Beseni ya Mama Neema ikaanguka. Hakupiga makelele. Alicheka, yeye mwenye hakucheka tangu kile kilio, na akaenda. Muguu wake moja ulikwisha fika kwenye ngazi wakati nilimukamata kiuno.

"Niache! Ni bwana yangu!"

"Neema atabaki na nani?"

"Niache, weye!"

Nguvu zangu zilikuwa zinaisha. Nikamutazama bwana mwenyewe, nikamwambia: "Baba Neema, mutoto iko nyumbani. Utuachie huyu mama."

Hakukasirika. Aliniangalia kama mutu mwenye umemukumbusha kitu alichosahau. Halafu akasogea, akakaa yeye mwenyewe kwenye ile nafasi, akageuka kutazama milima. Treni ikaondoka.

Tulianguka chini siye wote wawili. Tulipoinuka, lapa moja, kandambili ya Mama Neema, haikuwa. Tukatafuta kila mahali. Majani yalikuwa yamesimama, na umande wake, hakuna hata moja lililokanyagwa. Muguu wake wenye ulipanda ngazi ulikuwa baridi kama maji ya kisima. Mpaka leo uko baridi. Anavaa soksi hata wakati wa jua kali.

Sasa anauzisha makayabu, samaki ya chumvi, karibu na meza yangu sokoni. Neema amekuwa mukubwa, akipita ananisalimia, "Jambo, mama mudogo," hajui kitu. Mama yake anasalimia kila mutu, mimi ananiruka. Mara moja tu alisimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Alikuja kunichukua. Weye ulimwambia aende."

Halafu akarudi kwa meza yake, akaendelea kupanga makayabu.

Kwa hiyo, weye mwenye kusikia: ukipita ile njia na ukungu ukashuka, shika mukono wa mwenzako, zaidi akiwa ni mutu mwenye hakumuzika mupendwa wake. Akianza kwenda, muvute na nguvu yako yote. Lakini usimungojee akuambie aksanti.