Ng'ombe wa Mama na Mahakimu Watatu

Kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, na nimefundisha Bariadi tangu nikiwa msichana, wamekuja kuniomba niandike historia fupi ya ofisi ya hakimu mfawidhi wa mahakama yetu ya mwanzo. Eti isomwe siku ya kufungua jengo jipya. Wanataka nani alipanda miti, nani alileta umeme. Jamani! Historia ya ofisi ile naijua kuliko wanavyotaka. Nilikaa na mama yangu kwenye benchi la nje ya ofisi hiyo mpaka nikajua msumari upi unachana gauni.

Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu waliingia kwenye zizi la baba kule Mwamapalala. Baba akafariki. Matanga hayajaisha, baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akawaswaga wote mpaka kwake. Alisema ni mali ya ukoo na mjane hana ukoo. Mama akabaki na jembe la mkono na zizi tupu. Hakutaka makuu, alitaka maziwa yake ya kunywa, asije akawa ombaomba mlangoni kwa shemeji yake. Akaenda mahakamani.

Hakimu wa kwanza alikuwa mtu wa pwani, mpole, kila neno "mama yangu". Mama akaeleza kwa Kisukuma, karani akatafsiri. Alimtaja kila ng'ombe kwa rangi yake, huyu ana baka jeupe tumboni, huyu mwekundu kavunjika pembe, na wazee wa baraza waliokaa pembeni ya hakimu wakawa wanatikisa vichwa kwa raha. Hakimu akaamuru ng'ombe wasiuzwe, wakae palepale walipo mpaka shauri liishe. Palepale walipo! Kwa yule yule aliyewachukua! Baba mdogo akatoka anacheka, akaenda kukamua.

Ushahidi unakaribia kwisha, hakimu akahamishwa. Akaja wa pili, akasema hawezi kuhukumu maneno ambayo hakuyasikia mwenyewe, tuanze upya. Tukaanza, rangi zile zile, pembe ile ile. Huyo naye akafika katikati akapelekwa kisiwani huko ziwani, na kiti kikakaa kitupu msimu mzima wa pamba. Mama anafika asubuhi, anapiga goti, anaamkia, "Mwangaluka." Karani hata macho hainui: "Hakimu hayupo, mama, utakuja siku nyingine." Nenda rudi, nenda rudi. Na njiani tunawaona ng'ombe wetu wakichungwa na ndama wao, na ndama wa ndama wao. Nilikuwa nikifika nyumbani silali kwa hasira.

Wa tatu alikuwa kijana wa suti nyeusi, ana haraka. Wakati huo sheria ilishawaondoa wazee wa baraza, akawa anakaa peke yake. Haya, alimaliza, simnyimi haki yake. Siku ya hukumu akasoma kwamba mama ameshinda. Nikapiga kigelegele mpaka askari akanikaripia. Kisha hakimu akasema mdaiwa arudishe ng'ombe waliotajwa mbele ya mahakama.

Waliotajwa! Karibu wote walishakufa kwa ukame na uzee. Nikasimama, nikauliza, "Na uzao wao, mheshimiwa?" Akapekua jalada. Akasema mdai hakuwahi kudai uzao, kwa hakimu yeyote.

Hakudai! Msukuma gani anadai? Kwetu ukishamtaja ng'ombe umetaja na tumbo lake na vyote vitakavyotoka humo, hakuna anayesimama kueleza. Baba mdogo mwenyewe alijua, ndiyo maana alikuwa anatazama viatu vyake. Wale wazee wa baraza wangemwambia hakimu hilo hata wakiwa usingizini. "Kama mnataka ndama," akasema yule kijana, "mfungue shauri jipya." Akaita kesi nyingine.

Akarudishwa mmoja tu, yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, mbavu nje, hana hata tone la maziwa. Akasimama kwenye zizi letu akalia kutwa nzima, kichwa kaelekeza kwa baba mdogo, na wa kule wakawa wanamwitikia. Mama alivumilia siku chache. Asubuhi moja akachukua fimbo, akamfungulia.

"Unampeleka wapi, mayu?" nikamuuliza mama.

"Kwa watoto wake, ng'wanone."

"Mama, umeshinda kesi!" Nilikuwa nafoka, majirani wanachungulia. "Umeshinda!"

"Nimeshinda mimi," akasema. "Yeye kakosa nini?"

Akamswaga mpaka kwa shemeji yake, akamwingiza zizini mwenyewe, akarudi na fimbo. Maziwa ya mahari yangu hakuyaonja mpaka tunamzika.

Basi nimewaandikia historia yao. Mwenyekiti wa kamati ameisoma, akakohoa, akasema, "Mwalimu, hapa kwenye ng'ombe tupaondoe, wageni watakuwa wengi." Thubutu! Nimemwambia aandike yeye hiyo miti na umeme. Ya kwangu nitakwenda nayo siku hiyo, na wakininyima kipaza sauti nitaisoma kwa mdomo wangu, kwa Kisukuma, na wa suti nyeusi watafute wa kuwatafsiria.