Mwanamume Mmoja Karibu na Bahati

Alhamisi ya mwisho kabla mambo hayajaharibika, tulibishana asubuhi nzima kuhusu kabichi. Mkulima mmoja wa eneo la Bahati alikuwa ameileta ofisini ikiwa imefungwa kwa leso, kubwa kama mtoto wa kubebwa mgongoni, na Peter, mpiga picha wetu, alitaka iwekwe ukurasa wa kwanza. Mimi nilitaka hotuba ya mgombea. Nilikuwa na shahada ya fasihi na niliamini kwamba mtu aliyesoma hawezi kutanguliza mboga mbele ya siasa.

"Mwalimu," Peter aliniambia. Ndivyo alivyoniita kila nilipovimba kichwa. "Hotuba hata ng'ombe wameisikia. Hii kabichi nani ameiona?"

Kabichi ilishinda, na toleo lile likaisha lote. Gazeti letu lilitoka mara moja kwa wiki. Wengi hawakulinunua, walisimama kwa muuzaji pale mjini wakalisoma bure, wakabishana, kisha wakaenda kazini.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, nyumba zikaanza kuchomwa. Majirani waliokuwa wakiazimana jembe na chumvi wakaanza kuulizana wametoka wapi. Magazeti ya Nairobi yangeweza kuandika vita hivyo kwa mbali. Sisi hatukuwa na mbali. Waliokuwa wakipigana walikuwa wasomaji wetu, pande zote mbili, na kila sentensi tuliyochapisha ingeweza kumpeleka mtu mlangoni kwa jirani yake.

Mhariri wetu, Bi. Jane, akaweka sheria. Hatutaji kabila la mtu. Hatutaji hata jina la pili, kwa sababu katika nchi hii jina la pili ndilo husema kwenu ni wapi, na wakati ule kwenu ndiyo ilikuwa kura yako. Waandishi pia tukapewa kadi mpya za kazi zenye jina moja moja. Yangu iliandikwa Daudi, ya Peter ikaandikwa Peter. Tulijiona werevu sana. Tulifanana na mitume.

Wiki ya tatu ya vita tulipeleka magazeti Bahati kwa pikapu ya ofisi. Dereva, mimi katikati, Peter dirishani.

Kizuizi kilikuwa mahali ambapo wiki iliyopita hapakuwa na kitu. Mawe, na nguzo ya stima iliyolazwa barabarani. Vijana, pengine ishirini. Mapanga hayakuwa yamefichwa.

"Niaje, boss. Kadi."

Kijana aliyezichukua alizisoma taratibu, kama mwalimu anayesahihisha.

"Daudi nani?"

Nikamjibu kwa lugha ya nyumbani. Akatabasamu, akanirudishia yangu.

"Peter nani?"

"Peter tu," Peter akasema. "Si unaona hapo?"

"Mtu hana jina moja, boss. Hata mbuzi wetu wanajulikana ni wa nani." Wenzake wakacheka. "Mwenye jina moja anaficha lingine."

Akamsemesha kwa lugha ile ile. Peter hakuijua.

Nikasema ni mwenzangu, ni wa gazeti, ndiye aliyepiga picha ya ile kabichi. Naam, nilisema kabichi. Ndiyo hoja iliyonijia.

"Mzee, wewe pita," kijana akaniambia, kwa heshima kabisa. "Ama ushuke pia."

Mlango ukafunguliwa. Peter alivua mkanda wa kamera shingoni, akaniwekea mapajani.

"Shika," akasema. "Ni ya ofisi."

Dereva akaondoa gari. Wala sikumwambia asimame.

Tuliporudi na polisi, vijana hawakuwapo. Peter alikuwapo. Kamera haikupata hata mkwaruzo.

Kesho yake mkewe, Rose, alikuja ofisini. Aliketi kwenye kiti cha wageni, mkoba umebanwa kwapani.

"Madam, naomba kitu kimoja," alimwambia Bi. Jane. "Andika jina lake lote, useme kaka yake afike. Yuko kambi ya wakimbizi, sijui ni gani. Nimemtafuta kwa uwanja wa maonyesho, nimemtafuta kwa makanisa. Simu yake iliungua na nyumba. Lakini gazeti lenu hufika huko, na yeye husoma. Sisi mtu wetu hazikwi bila ndugu yake."

Bi. Jane akaifunga kalamu yake.

"Nikichapisha jina lake, Rose, kesho kuna mtu atashushwa garini upande ule mwingine kwa kisasi. Naye ana bibi."

"Kwa hivyo huyu wangu anyamaze ndio huyo aishi?"

"Ndiyo," Bi. Jane akasema. Hakupepesa maneno, na mpaka leo sijui kama ulikuwa ujasiri au ukatili.

Tukachapisha mstari mmoja ukurasa wa tatu: mwanamume mmoja alifariki karibu na Bahati. Wala hatukusema alikuwa wetu. Rose alimzika makaburi ya mjini, nasi wa ofisini tukashika mahali pa ndugu, vibaya, kama watu wanaoimba wimbo wasioujua.

Kaka yake alikuwa kwenye uwanja wa kanisa moja, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Gazeti lilimfikia. Aliusoma mstari ule, akamwambia mwenzake wa hemani, "Leo afadhali. Ni mmoja tu." Yeye mwenyewe alimsimulia Rose, amani iliporudi.

Wiki ile hakuna aliyeshushwa garini upande ule mwingine. Bi. Jane alizeeka akilishikilia hilo, nami sikumpokonya. Ila hakuna gazeti linaloweza kuwahesabu watu ambao hawakuuawa, wala kujua nani aliwaokoa. Letu lilifungwa zamani. Pale ofisini sasa wanauza vioo vya simu.

Mwezi uliopita nilimtembelea Rose kwake Lanet, nikamwambia nataka kuandika.

"Sasa ni ya nini, Mwalimu?" Alilichukua jina lile kwa mumewe. "Nilikuwa naitaka wakati ule. Kaka yake mwenyewe tulimzika mwaka juzi."

Akanimiminia chai. Nikadhani yameisha.

"Andika tu," akasema. "Lakini vile nilikuwa nimeomba."

Peter Odongo Okumu, mpiga picha, mume wa Rose, ameuawa kwenye barabara ya Bahati. Kaka yake, popote alipo kambini, anaombwa afike.