Mjukuu wa Mzee Plasta

Nitamsema, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Nilifanya kazi na yule mzee miaka kumi na minne katika chumba cha plasta hospitalini: yeye anafunga, mimi nashika mguu usitikisike. Tulimwita Mzee Plasta. Kazi aliijua, sikatai. Lakini mdomo wake, Mungu aepushe.

Alikuwa na desturi moja. Picha ya eksirei ikifika, anaiinua dirishani kabla ya daktari kuiona, anahukumu. "Huyu kaanguka. Huyu kapigwa. Mfupa hausemi uongo." Madaktari vijana walimsikiliza, maana mara nyingi alipatia. Wazazi wangapi walitoka pale wakiongozana na afisa ustawi wa jamii, sina hesabu.

Siku moja mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, akaingia mbio amembeba mtoto wa miezi tisa. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Vipande vya nyuzi vilikuwa bado vimemganda kwenye blauzi. Alikuwa anambadilisha mtoto nepi, akamwinua miguu, akasikia ko! Paja limevunjika.

Mzee akainua picha ya mwili mzima dirishani. Akaitazama kitambo, kisha akaanza kuonyesha kwa kidole: paja lililovunjika siku hiyo, mbavu mbili zilizokwisha kuunga, na mkono wa kushoto ulioungana upande.

"Umeanza lini kumpiga mjukuu wangu?" akamwuliza mbele yetu sote.

"Baba, naapa, sijawahi hata kumfinya."

"Usiniite baba. Mfupa hausemi uongo."

Mimi ndiye niliyemvua mtoto nguo. Hakuwa na mchubuko, hata wa ukucha. Nikasema, "Mzee, mtoto wa kupigwa hivi atakosaje alama?" Akaniambia nishike mguu, kufikiri si kazi yangu. Nikashika mguu. Hilo najilaumu mpaka leo.

Jioni ileile afisa ustawi akamchukua mtoto, akampeleka makao ya watoto. Na mume? Alisimama kando kana kwamba hayamhusu. "Baba anajua mifupa," ndiyo kauli yake. Mwanamume mzima, ndevu zimemjaa! Mama aliruhusiwa kumwona mwanawe mara moja kwa mwezi, nusu saa, huku akilindwa kama mwizi. Mtaani wakaacha kumpelekea sare. Alikonda akawa ng'onda.

Mwezi wa saba tangu achukuliwe, mtoto akavunjika mkono hukohuko makao, mlezi akimvisha shati. Mama yake alikuwa hajamtia machoni wiki tatu. Haya, na sasa nani kapiga? Hapo ndipo wakubwa wa hospitali wakaona aibu, wakamwita daktari wa magonjwa ya kurithi, mama mmoja asiye na haraka, naye akataka ukoo wote uje.

"Mfupa si chokaa tupu," alituambia. "Ndani yake kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ndizo zinazoyashika madini. Maelekezo ya kuzitengeneza yamo kwenye jeni. Jeni ya mtoto huyu ina kosa, kwa hiyo nyuzi zake haziko sawa. Ni zege bila nondo. Hata kumwinua vibaya kunatosha kumvunja."

"Kosa hilo limetoka kwa nani?" mzee akauliza, macho kwa mkwewe. Hata hapo!

"Hebu tazama kwenye mwanga, mzee," daktari akasema.

Weupe wa macho yake ulikuwa na usamawati, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mwanawe vilevile. Miaka yote tuliyasifu macho ya ukoo ule, tukidhani ni uzuri tu. Na sikio lake la kushoto lilikufa angali kijana. Yeye alisingizia kelele za msumeno wa kukatia plasta. Daktari akasema yote mawili, macho na sikio, ni dalili za kosa lilelile.

"Na kijana wako, alivunjika utotoni?"

Mzee akajibu, "Mara tano. Nilimfunga mwenyewe. Alikuwa mtundu."

Mtundu! Mwanawe akivunjika ni utundu, wa mkwewe akivunjika ni kipigo. Kiganja kiliniwasha, wallahi. Daktari akaendelea: nakala moja yenye kosa inatosha, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na katika ukoo mmoja huyu huumia kidogo, yule huumia sana. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

Mwezi uliofuata tukaenda makao kumchukua mtoto. Afisa akasoma karatasi ya kumrudisha. Mama akanyoosha mikono, anamwita kwa jina la kumbembelezea. Mtoto, sasa wa miezi kumi na saba, akamtazama kama mgeni, akapiga yowe, akamkumbatia mlezi shingoni kwa mikono yote miwili.

"Mbandue tu," afisa akasema.

"Abanduliwe vipi?" nikamwuliza. "Ukimvuta unamvunja."

Hakuna aliyethubutu. Mzee ndiye aliyesogea, akamwambia mkwewe, "Mwanangu, niachie mimi. Nitamfungua vidole taratibu, kimoja kimoja."

"Usimguse." Mama hakupaza sauti. "Umeshanitenganisha naye mara moja, inatosha."

Akavua viatu, akaketi sakafuni, mbali kidogo ili mtoto asiogope. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Dada," akamwuliza mlezi, "mwanangu huwa analala saa ngapi? Nitambeba akishalala."