Kioo Kilichotakata

Siku yangu ya kwanza kazini, msaidizi katika hospitali ya Msambweni, miaka ile ya hamsini, Daktari wa Macho aliniamuru nifumbe macho na kuyabonyeza kwa ncha za vidole.

"Lijue kwanza jicho zima," alisema, "ndipo uguse la mwenzio."

Nikabonyeza mara mbili. Nilikulia sokoni, na huko hata cha bure hukaguliwa.

Ugonjwa niliojifunza kuuogopa ni glakoma, yaani presha ya jicho. Maji ya ndani hukosa njia ya kutokea, jicho likawa gumu kama popoo. Presha ikipanda ghafla, maji husukumwa hadi kwenye konea, kile kioo cha mbele, kikavimba na kufanya ukungu. Mgonjwa huona taa imevaa upinde wa mvua. Watu wetu walidhani ni mtoto wa jicho, ambaye siku zile aliachwa akomae ndipo akatwe. Basi wakakaa kungoja.

Ndivyo alivyongoja Bi Mwanakombo wa Bodo, msuka mikeka. Alipofika, jicho la kulia lilikuwa na ukungu, gumu kama jiwe. La kushoto lilikuwa limeanza kuona pinde.

Tukamtia matone. Baada ya siku chache konea ikatakata. Akajitazama kwenye kioo, akafunga mzigo wake.

"Jicho limerudi jeusi, mwanangu. Nimepona."

Daktari akaninong'oneza, "Mshipa wa kuonea umekufa, haufufuki. La kushoto tulitobolee njia ya maji kabla halijafuata. Ongea naye wewe, hodari wa kupatana bei."

Nikamwambia, "Bi, ziba la kushoto. Nimenyoosha vidole vingapi?"

Akaziba. "Hujanyoosha hata kimoja. Wanichezea."

"Nimenyoosha mkono mzima, Bi."

Nikamweleza kuwa la kulia limekwisha, la kutobolewa ni la kushoto. Akafoka, "Basi kateni hilo bovu! Mwataka zima? Soko gani hili?"

"Soko baya. Lakini ukingoja, utatoka mikono mitupu."

"Nimalize kwanza mkeka wa harusi ya binti yangu."

"Utausuka kwa jicho gani?"

Akafungua mzigo.

Harusini, miezi kadhaa baada ya kumtobolea jicho, nilikalishwa juu ya mkeka ule. Niliukagua ukili kwa ukili, nikarudia. Sikupata kosa, nami nilitafuta kweli.

Sasa nimestaafu. Kila asubuhi naziba jicho moja, namtazama mke wangu. Naziba la pili, namtazama tena.

"Wanihesabu?" huuliza.

"Nahakikisha upo."