Mkomamanga Usiozaa

Baba alipostaafu alipanda mkomamanga mbele ya nyumba yetu ya Rasbura, kwa sababu aliambiwa ni mti wa mtu mvivu. Hautaki maji mengi, hautaki kupaliliwa, ukiusahau ndiyo kwanza unastawi. Baba alikuwa amefanya kazi maisha yake yote, akaona sasa amepata mwenzake wa kupumzika naye.

Shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Miteja na kiroba cha mihogo. Akautazama mti, akausifu, kisha akasema mti huo ukipandwa na mzee, siku ukizaa aliyeupanda hufa. Aliyasema hayo huku anamenya mihogo, akauliza na chumvi iko wapi. Baba alicheka. Mama hakucheka.

Maua mekundu yalipoanza kutoka, mama akawa anatoka kila baada ya swala ya alfajiri, anayachuma yote na kuyafunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na wanangu baada ya kuachika, nikamuuliza ya nini. Akasema dawa ya tumbo. Tumbo la nani, hakusema. Mama yangu, ambaye jirani akitaja mganga tu humsomea aya, alikuwa anapigana na kichaka.

Baba naye akaanza kuuhangaikia. Mti wa mtu mvivu ukamchosha kuliko ofisi: leo samadi ya mbuzi, kesho majivu, keshokutwa maji ya kuoshea samaki. Bwana shamba mmoja alipopita, akaombwa aukague. Aliuzunguka, akakuna kichwa, akasema mti ni mzima kabisa. Mama akamwandalia chai kwa heshima zote. Nilimwonea aibu, na nilimwonea huruma zaidi, maana baba akikohoa tu, mama alikuwa anageuka kuutazama mti.

Hatimaye tunda moja likamponyoka mama, ndani kabisa kwenye miiba. Baba aliliona yeye. Alilichuma Ijumaa alipotoka msikitini, akalipasulia kwenye sinia asipoteze hata punje, maana husemwa kila komamanga lina punje moja ya peponi. Mama alisimama mlangoni.

"Kaa, mke wangu," baba alimwambia. "Nakuona tangu ua la kwanza. Mtu anaamka alfajiri kunigombania, nimkataze? Ile samadi nilikuwa naweka ili usikose cha kuchuma."

Mama alikaa. Nilidhani atalia. Alichota punje, akazitia kinywani kabla baba hajaonja.

"Kama ni kwenda, twende wote," alisema.

Walikula polepole, wakilalamika kwamba halijaiva vizuri. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikanyoosha mkono niombe kidogo. Mama akaupiga kofi.

"Wewe bado una watoto."