Mahindi ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Mwaka ule mvua ilitukimbia wakati wa kupanda, ikatushukia wakati wa kuvuna. Tulivuna mahindi mabichi kwa sababu wezi walikuwa wanatutangulia shambani. Hakuna aliyethubutu kuyaanika nje. Watu waliyajaza kwenye magunia ya nailoni, wakayasukuma chini ya vitanda na kuyalalia.

Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea huko Kalama. Nilipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yangu nikihimiza watu wachimbe vyoo na wachemshe maji ya kunywa. Walinisikiliza kwa adabu. Wengine walichimba choo ili tu nisirudi.

Kisha jirani yangu, fundi wa viatu, akawa na macho ya manjano na tumbo likamvimba. Kwao walisema ni malaria. Alifariki siku ya tano, na kabla matanga hayajaisha ndugu yake wa nyumba ileile akamfuata. Muuguzi wa dispensari alituita wahudumu wote akatuonyesha mahindi waliyokuwa wakila, yenye vumbi la kijani kwenye kiini. Alisema kuvu ile ina sumu inayoharibu ini, na haiondoki kwa kuosha, kwa kukoboa wala kwa kuchemsha kutwa nzima. Twende tukawaambie watu wasiyale.

"Na wale nini?" nikamuuliza.

Alikunja karatasi yenye mahindi yale. "Tumeambiwa mengine yatakuja. Lini, sijui."

Tangu hapo sikutulia. Binti yetu wa miaka sita alikuwa kwa bibi yake, mama wa mke wangu, upande wa pili wa kilima. Tulimpeleka huko njaa ilipoanza, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na chakula: magunia mawili chumbani kwa bibi.

Mke wangu alikwenda kumchukua jioni hiyohiyo, akarudi peke yake. Mama yake alikuwa amesema anachambua mahindi yake vizuri, mabaya anawatupia kuku. Mtoto anashiba, hatoki. Na mwenye kufundisha vyoo abaki na vyoo vyake.

Siku tatu nilizunguka vijijini nikianza maneno na kuyasahau katikati. Nilikuwa nikiongea na mtu huku nawaza sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, mbele ya mtoto wangu. Kwenye baraza la chifu, mama mmoja alisimama akaniuliza, bila hasira, kama kwa wakwe zangu wameshamwaga yao. Mkutano haukuwa umekwisha nilipopanda baiskeli.

Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe. Tunaita nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Kwa miaka minane nilikuwa nimemwona yule mama kwa mbali tu, akikata njia ili tusikutane. Nilipofika kwenye ua wake alikuwa ameketi na binti yangu, ungo katikati yao, wakichambua. Aliponiona aliinuka na ungo aingie ndani. Nikageuka haraka nikampa mgongo.

"Mama, usiingie. Nisikie tu. Nimezika watu wawili wa nyumba moja, na wao pia walikuwa wakichambua."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Ukichukua haya, mimi nitakula nini?"

"Niko na debe tatu za mtama wa mwaka jana. Moja na nusu ni yako."

Sauti yake ikabadilika. "Mtoto alisema jana tumbo linamuuma."

Niligeuka. Sikukumbuka heshima wala haya. Nilimshika binti yangu kidevu nikamvuta kope za chini: macho meupe, hayana manjano. Kisha nikayatazama macho ya bibi yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nayo yalikuwa meupe. Hakujifunika uso. Aliingia chumbani akayaburuta magunia yote mawili mpaka mlangoni, na nilipotaka kumsaidia akakataa.

Nilimpakia mtoto kwenye baiskeli hadi dispensari. Muuguzi alimweka siku mbili akimwangalia. Tumbo likapoa, na hatukujua kama yalikuwa mahindi au kitu kingine. Mama mkwe alikuwa ameyamwaga mahindi kwenye shimo la choo, lile nililomsihi miaka mingi kupitia kwa mke wangu alichimbe, akasimama pale mpaka yakafunikwa. Tulikula mtama pamoja mpaka chakula cha msaada kilipofika. Kabla hakijafika, nyumba nyingine mbili ziliugua.

Yule mama wa barazani alipopata habari alitoa gunia lake limwagwe. Wengi walifuata, si wote. Nyumba ya tatu kutoka kwangu walikula mahindi yao mpaka punje ya mwisho, na hakuna aliyeugua. Baba wa nyumba hiyo bado ananicheka tukikutana njiani, ananiuliza nimewanyima watu wangapi chakula. Mimi husimamisha baiskeli tukasalimiana, naye akicheka huwa namtazama macho kwanza.