Siku Mama Mkwe Aliposema na Kipaza Sauti

Mkinialika harusini nitakuja, nitakula wali wenu na kucheka hata pasipochekesha, lakini msinipe mikro, hicho kipaza sauti. Watu wa Kasongo wanaonijua hawanipi. Wasionijua ndio husimama na kusema "sasa tumsikie msomi wetu," na hapo wazee walioketi nyuma huanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko, na mmoja wao lazima aulize, "Mama mukwe yake iko hapa? Hapana? Basi aseme." Nimezeeka nusu, nimesoma hadi chuo kikuu, nimeandika makala kuhusu kila jambo lisilonihusu, na kikohozi kile bado kinanifuata. Basi leo nitaisimulia aibu hii mwenyewe, kwa kuwa nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya, na kwa kuwa hasira yake haijapoa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa hakuna aliyetuambia kwamba ni ya mwisho. Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya mapadri, nina suruali yenye mkunjo uliosimama kama kisu. Niliajiriwa Kasongo katika biro, yaani ofisi, ya habari ya Mbelgiji mmoja ambaye watu walimpa jina la Bwana Kipaza, kwa sababu ya lile pembe la chuma lililofungwa juu ya kamioneti, gari lake dogo la mizigo. Kazi yetu ilikuwa kusema mema ya watu waliotulipa. Tulizunguka sokoni na vijijini tukipaza habari zao, na kila mwezi tulichapa kijarida chenye picha. Kila mteja tulimtafutia jambo jema la kujisitiri nalo: mwenye kiwanda cha sabuni tulimvika afya ya watoto, mwenye bia tulimvika mpira wa miguu, na kampuni ya pamba, ambayo uchi wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote, tukaivika akina mama.

(Kwa mliozaliwa baadaye: pamba haikuwa hiari. Asiyelima alilijua gereza, na mgongo wake uliijua fimbo. Mimi sikulima, nilikuwa karani. Naandika hivyo na mkono unataka kujipiga kofi.)

Kampuni ikatangaza kwamba imewajengea akina mama wa Kabambare nyumba ya kuzalia. Niseme ukweli: nyumba ile walijenga watu. Wanaume walifyatua matofali baada ya kutoka shambani, wanawake walibeba maji kutoka mtoni, tena wengine wakiwa na mimba, huku wakiahidiwa kwamba ndani patawekwa vitanda na mkunga. Kampuni ilileta chokaa nyeupe, kufuli, na kitambaa kirefu cha kutundika juu ya mlango, kilichoandikwa kwa herufi nyekundu: KAMPUNI INAJALI MAMA. Maneno hayo nilitunga mimi. Nilisifiwa kwa ajili yake.

Ndani hapakuwa na kitu. Mkunga hakuwa ameajiriwa, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka ya kumwajiri. Lakini sherehe ilikwisha pangwa, mkurugenzi wa kampuni angekuja, na picha isingependeza bila vitanda, kwa hiyo Bwana Kipaza akaenda kuazima vitanda kwa masera, watawa wa kike wa misheni, kwa ahadi kwamba vitarudi jioni ileile. Mimi niliyajua hayo yote. Nilisaidia kuvipakia kwenye lori.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoanza, maana lilianza dogo kama punje ya mtama. Siku moja kabla ya sherehe tulipita barabara ya Kabambare tukitangaza, dereva wetu Ramazani akiendesha, mimi nikisoma karatasi niliyopewa. Karatasi ilisema: kampuni inawaalika watu wote kuja kuiona nyumba ya uzazi. Basi. Kavu kama muhogo wa kuanika. Kijiji cha kwanza watu walitutazama, wakaendelea kutwanga. Kijiji cha pili mbuzi ndiye aliyesogea. Na kijiji cha tatu, jamani, kilikuwa cha wakwe zangu.

Mke wangu, Mariamu, alikuwa huko kwa mama yake akingojea mimba yake ya kwanza itimie, kama desturi ilivyo. Mama mkwe alikuwa ndani ya ua, namwona kivuli tu (zaidi ya kivuli sikuruhusiwa kuona: kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemezani, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini). Hata jina lake siliandiki hapa, adabu hainiruhusu. Basi nikafikiri: mama huyu hajawahi kunisikia nikisema neno, leo atasikia alimwoza mtoto wake kwa mtu wa namna gani. Nikaiweka karatasi chini, nikavuta pumzi, nikasema:

"Akina mama wenye mimba! Kesho muje na vitambaa vyenu! Kitanda iko! Dawa iko! Mukunga iko! Mimi mwenyewe nawaambia!"

Michi ilinyamaza. Wanawake walitoka majumbani. Ilikuwa tamu sana, siwafichi, ikawa tamu hivi kwamba nikairudia kijiji cha nne na cha tano, kila mara nikiongeza chumvi, mpaka Ramazani akanitazama pembeni.

"Karani," akasema, "ule mukunga unamutoa wapi?"

"Ni namna ya kusema tu," nikamjibu. Ndivyo tulivyofundishwa biro.

Kesho yake uwanja ulijaa. Mkurugenzi alikuja na kofia yake, Bwana Kipaza na kamera yake, mikro ikasimamishwa barazani mbele ya mlango, na pembe la chuma juu ya kamioneti likaelekezwa kwa watu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli ili chokaa isichafuliwe. Watu wangechungulia vitanda dirishani. Mkurugenzi akasema kwa Kifaransa, nami nikitafsiri, kwamba kampuni ina moyo. Wakati huo nikaanza kuwaona. Walikuja mmoja mmoja kutoka barabarani, na matumbo yao, na vifurushi, na vyungu, wakakaa chini kando ya ukuta kwa utulivu wa watu walioalikwa. Bwana Kipaza alifurahi sana, akapiga picha.

"Lakini kwa nini wamebeba vyungu?" akaninong'oneza.

Nikasema sijui.

Halafu ikaja baiskeli. Shemeji yangu anaisukuma, Mariamu amekaa nyuma amejikunja, uso umekuwa wa majivu, na mbele yao, haraka kama mtu anayewahi soko, mama mkwe. Uchungu ulikuwa umemshika Mariamu tangu alfajiri. Kijijini kwao palikuwa na wazee wa kike wanaojua kuzalisha, walizalisha kijiji kizima, lakini mama mkwe alisema hapana, mukwe wangu amesema mukunga iko. Alimtoa mtoto wake penye mikono inayojua, akamleta penye kufuli, kwa sababu ya sauti yangu.

Alipanda barazani, akamwambia mlinzi afungue.

"Hakuna kufungua, mama. Ile vitanda ni ya kutazama."

"Mukunga iko wapi?"

"Mukunga gani?"

Nilitaka kuingia majanini, desturi ingenisaidia, ila Bwana Kipaza alinishika shati. "Baki hapa, utafsiri!" Basi nikageukia ukuta, pua kwenye chokaa. Mama mkwe naye akanipa mgongo. Kuniambia neno hawezi, kuninyamazia hawezi. Akatafuta wa kumwambia. Akaliona lile pembe juu ya kamioneti, akainua kidole, na kati ya mgongo wake na mgongo wangu, mikro ilikuwa wazi.

"We kinywa ya chuma!" Sauti yake ikatoka ndani ya pembe lenyewe na kuenea uwanja mzima. "Jana ulipita kwetu! Ulikula kwetu muhogo, ulioa kwetu mutoto, halafu unapita na kelele ile! Ulisema kitanda iko. Iko wapi? Mukunga iko wapi? Maji ya ile matofali nilibeba na kichwa yangu, we kinywa ya chuma, na mulango munanifungia?"

Ramazani, chini, akajaribu kuwa mpatanishi. "Mama, karani iko anasikia..."

"Miye sisemi na mutu! Nasema na chuma!"

Watu walilala kwa kicheko. Mkurugenzi akatabasamu, akaniuliza mama huyu anasema nini. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ningeweza kuokoka. Ningesema kwa Kifaransa safi: anasema ninyi ni waongo, nami pia. Nikasema, "Anaishukuru kampuni."

"Kwa nini anapiga kelele?"

"Kwetu shukrani ina sauti kubwa."

Mkurugenzi akaguswa. Akaweka mkono kifuani. "Mwambie kampuni ni mama yake."

Bwana Kipaza alinisukuma kwenye mikro. Nikasema. Ndiyo, nilisema, mbele ya uwanja mzima, kwa sauti iliyotetemeka kama ya mwana-mbuzi: "Kampuni ni mama yako."

Kicheko kilikatika. Mkwe amemtaja mama wa mama mkwe, tena kamfanya kampuni ya pamba! Hata wapishi wa mkurugenzi waliinamisha vichwa. Mama mkwe hakunitukana. Alipanda juu ya ubao wa baraza, akashika kile kitambaa cha herufi nyekundu, akakivuta mpaka kikakatika na kumwangukia mkurugenzi kofiani. Akakinyang'anya hapo kofiani, maana Mariamu alikuwa amekwisha piga magoti na maji yamemwagika barazani. Wanawake wote wenye vyungu wakainuka pamoja, wakashika kitambaa wakafanya ukuta, na mmoja akaniambia maneno mawili ambayo siyaandiki. Nikaruka kutoka barazani kama panya.

Nilisahau mikro.

Kwa hiyo nilisikia yote, na uwanja mzima ukasikia pamoja nami. Nilisikia mke wangu akilia kutoka kwenye pembe la chuma, nami nimejibanza nyuma ya kamioneti, siruhusiwi kusogea, na kila kilio kikininyooshea kidole. Nilimsikia mama mkwe akisema polepole, "Mama, shika shingo yangu, shika, usiache." Nilisikia kimya, na kimya kile ndicho kilichonizeesha. Kisha mwanamke mmoja akapiga kelele, "Sukuma, mama! Sukuma, kampuni inangoja picha!" na hata katikati ya hofu ile wanawake wakacheka, na ndani ya kicheko chao pembe likatoa sauti ndogo, kali, yenye hasira, ya mtu mpya.

Vigelegele! Ramazani alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye vumbi na suruali yangu ya mkunjo.

Mngedhani hapo watu wangeona haya. Mkurugenzi aliondoka bila kuaga, lakini Bwana Kipaza alinifuata macho yakimetameta. "Mtoto wa kwanza wa nyumba ya kampuni!" akasema. "Andika!" Na wakati akisema hivyo vijana walikuwa wanafungua kufuli na kuvitoa vitanda. Vilipita mlangoni kimoja baada ya kingine, chuma cheupe, magodoro yake juu, vikapita juu ya kichwa cha mke wangu aliyelala sakafuni na mtoto kifuani, vikapakiwa kwenye lori, vikarudi kwa masera. Ahadi ile, angalau, ilitimizwa. Akina mama waliokuwa wamealikwa na sauti yangu walivitazama vikienda, kisha wakafunga vifurushi vyao.

Nikamwambia Bwana Kipaza siandiki. Akanifukuza papo hapo, kwa kosa la kutangaza maneno yasiyokuwa kwenye karatasi. Kijarida kilipotoka, picha ilikuwapo, Mariamu na mtoto, mlango mweupe nyuma yao, chini yake maneno ya shukrani kwa kampuni, na chini ya shukrani, jina langu.

Mbuzi wa faini nilimpeleka kwa wakwe kupitia shemeji. Walimpokea. Neno halikurudi. Lakini kapita, msimamizi wa kampuni, alipotumwa kudai kitambaa chake, ambacho mama mkwe alikuwa akimbebea mjukuu mgongoni, herufi nyekundu nje, soko hadi soko, neno lilipatikana. Nililisikia mwenyewe, nikiwa nimesimama nyuma ya ua.

"Mwambie muzungu yake aje mwenyewe, aitoe chini ya matako ya mutoto. Na kama iko inanuka, ile biro yao iko na sabuni."

Hawakuja.

Mtoto yule sasa ni mwanamke mrefu kuliko mimi, mkali kama bibi yake, na kila ninapoahidi kitu nyumbani, bati jipya, safari ya Nyangwe, hata kuku wa Jumapili, ananitazama na kuuliza, "Baba, kitanda iko?" Basi nachukua kofia, naenda kutazama. Sisemi tena "iko" kwa kitu chochote kabla sijaingia ndani nikakikalia.